Naandika "nimeamka", kisha nageukia ukuta nalala

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 39, nina watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Kazi yangu ni kupika. Nina kibanda karibu na stendi. Asubuhi nauza mtori, supu na chapati, mchana wali na ndizi nyama. Nimekuwa msomaji wako wa kimya kimya siku nyingi. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mchungaji, na wenzangu wa kwaya ndio kabisa.

Mwezi wa nane usharika wetu uliandaa mafungo ya akina mama, Ijumaa jioni hadi Jumapili, kwenye kituo kimoja cha kanisa huko juu upande wa Machame. Sikuwahi kwenda mafungo maishani mwangu. Mume wangu, ambaye ni Mlutheri wa Krismasi na Pasaka, alinitania: "Unaenda kufungwa au kufunguliwa?" Nikamwachia binti yangu mkubwa kibanda, nikapanda.

Tulipofika tu, mama mmoja akapitisha beseni la plastiki, kama haya ninayooshea vyombo, kila mtu akaweka simu yake humo. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Ijumaa usiku mwalimu wa kwanza, mama mtu mzima mstaafu, alitusomea Marko 6, pale Yesu anapowaambia mitume, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Akafunga Biblia akasema kazi yetu usiku ule ni kulala. Tulicheka, lakini nililala saa tisa mfululizo. Tangu nizae mtoto wa kwanza sikumbuki kulala hivyo.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukimya. Kila mmoja alipewa kikaratasi chenye mstari mmoja, akaambiwa aende nacho migombani saa mbili nzima bila kuongea na mtu. Wangu ulikuwa Zaburi 139: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Nilikaa kwenye jiwe mpakani mwa kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, nikausoma mpaka karatasi ikalowa jasho la mkono.

Jumapili alikuja mwalimu mwingine, kijana mwenye sauti, akafundisha kukesha. Hapo ndipo moto ulipowaka. Watu walilia, wengine walianguka. Akauliza nani atasimama zamu ya saa tisa usiku kila siku hadi Mwaka Mpya. Nikasimama. Nani atafunga Jumatano na Ijumaa. Nikasimama. Nani ataweka nadhiri kwa ajili ya ujenzi. Bibi, nilikuwa nimeshasimama, nikataja laki tatu. Mume wangu hajui mpaka leo.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Wiki nne niliamka saa tisa kamili, nikasali, halafu saa kumi na nusu nikawasha jiko kama kawaida. Wiki ya tano nilipiga magoti kando ya kitanda saa tisa, nikaja kuzinduka saa kumi na moja na robo, uso juu ya godoro, alama za kitambaa cha kufuma zimejichora shavuni. Ndizi za mtori zilikuwa hazijamenywa. Wateja wangu wa kwanza, makondakta, walienda kunywa supu kwa jirani, na wawili hawajarudi hadi leo.

Sasa tuna kundi la WhatsApp la waliosimama zamu. Ikifika saa tisa na dakika kumi uwe umeandika kwamba uko macho, la sivyo kiongozi anakutaja jina asubuhi. Basi nikaanza mchezo. Alamu inalia, nanyoosha mkono, naandika "Bwana asifiwe, nimeamka, niko zamuni", naweka na vile viganja viwili vya kuomba, kisha nageukia ukuta nalala. Leo ni siku ya 19. Nimezihesabu. Siku ya 12 mama mmoja aliandika kwamba akichoka huwa anatazama jina langu anapata nguvu.

Moto wenyewe umezimika. Nasoma Biblia kama nasoma bei za sokoni. Kwaya naimba mdomo tu. Mume wangu wiki jana aliniuliza, "Mungu wenu huyo mchana hasikii?" nikamjibu vibaya mbele ya watoto.

Kuna na jambo jingine, ingawa halihusiani sana. Siku ile ya ukimya, pale mpakani nilipokaa pameota masale, yale majani ambayo sisi Wachagga huyashika tukienda kuomba radhi, nikamkumbuka wifi yangu. Miaka miwili iliyopita, kwenye matanga ya baba mkwe huko Mwika, mimi ndiye niliyeshika daftari la rambirambi. Hesabu ikapungua 120,000. Wifi akasema mbele ya watu kwamba mama lishe hakosi kujua kupunja. Nililipa kutoka mfukoni mwangu, lakini nilimjibu: angekuwa na mume asingekaa kuhesabu hela za marehemu. Mumewe alimwacha. Hatujasemeshana tangu siku hiyo. Krismasi tukipanda Mwika mimi nakaa jikoni kwa mama mkwe, yeye anakaa uani. Pale kwenye jiwe nikasema, Bwana, lolote lile ila hilo. Lakini hilo silo swali langu.

Swali langu: je, nimemwacha Mungu? Mwezi wa kwanza kuna mafungo mengine Arusha. Niende ili moto urudi? Au niongeze siku za kufunga?

Mlinzi asiyelinda,
Pasua, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako nikiwa nakunywa chai, na nilipofika kwenye vile viganja viwili nikacheka hadi chai ikanimwagikia gaunini. Nisamehe. Nilicheka kwa kuwa nami nimewahi kukaa mstari wa mbele kwenye mkesha, nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, nikazinduliwa na mkoromo wangu mwenyewe.

Tuanze na huo usingizi maana ndio unaokutia aibu, ingawa mimi naona ndilo jambo dogo kuliko yote uliyoandika. Yesu usiku wa mwisho aliwachukua watatu waliokuwa karibu naye kuliko wote, akawaambia wakeshe. Wakalala. Akarudi, akawaamsha, wakalala tena. Naye akasema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Petro alilala, mwanangu. Ila hakuandika kwenye kundi kwamba yuko macho.

Kwa hiyo ninachokushitaki nacho ni zile siku 19, na dawa yake haihitaji mafungo. Leo jioni, usingoje saa tisa usiku, andika hivi: "Wapendwa, kwa siku 19 nimeandika nimeamka nikiwa nimelala. Mnisamehe. Zamu ya saa tisa siiwezi, naamka kumi na nusu kupika." Usiongeze mistari ya Biblia ya kujitetea, na viganja viache. Kundi litakaa kimya, pengine kiongozi atakuandikia ukali. Halafu, mimi na uzee wangu naweka dau, kabla hujalala kuna mtu atakutumia ujumbe pembeni: "Hata mimi." Sijui kama atakuwa yule mama anayetazama jina lako. Ningependa awe yeye.

Sasa nikuulize. Ulifundishwa masomo mangapi kule juu? Kwa jinsi ulivyoniandikia, matatu: kulala, kunyamaza, na kukesha. Nyumbani umerudi na la tatu peke yake. Lile la kwanza lilikufanya ulale saa tisa mfululizo, ukaamka una akili ya kusikia. La pili lilikupeleka kwenye lile jiwe. La tatu lilikuwa na kelele na machozi, basi ukadhani ndilo lenye Mungu. Simlaumu sana yule kijana mwenye sauti. Kanisa linahitaji na wenye sauti. Ila mtu akisimama mbele ya akina mama waliochoka, akawauliza nani anampenda Yesu vya kutosha kuamka saa tisa, awaulize kwanza nani analala saa ngapi.

Rudi Marko 6 usome kuendelea, maana naona mlikomea mstari wa 31. Mitume waliitwa faragha kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Wakapanda chombo, wakaenda mahali pasipo watu. Kumbe watu walitangulia kwa miguu. Waliposhuka wakakuta umati, mchana ukaisha, na Yesu akawaambia, "Wapeni ninyi chakula." Wanaume tu walikuwa 5,000. Yaani mafungo yale ya mitume, yaliyoongozwa na Bwana mwenyewe, yaliishia kwenye kugawa mikate na samaki na kuokota mabaki kwenye vikapu. Mama lishe ukiisoma sura hiyo unapaswa kujiona ndani yake kabla ya askofu.

Na Eliya je? Alikimbilia jangwani akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumwambia asali zaidi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena. Mara ya pili vilevile. Ndipo akapata nguvu za kutembea hadi Horebu, na huko Bwana hakuwamo katika upepo wala tetemeko wala moto. Ilikuja sauti ndogo ya utulivu. Wewe unatafuta moto urudi, na 1 Wafalme 19 inasema wazi kwamba hakuwamo humo. Sisemi hawi kamwe katika moto; siku ya Pentekoste alikuwamo. Nasema siku hizo tatu wewe sauti ndogo uliisikia, tena unajua ilisema nini. Tutafika.

Nimefundisha kipaimara miaka 22, kwa hiyo utanivumilia kidogo. Katekisimo Ndogo uliyokariri ukiwa msichana, ambayo Luther aliiandika mwaka 1529, ina utaratibu wa sala ya asubuhi. Ukiamka, ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, na sala fupi ukipenda. Baada ya hapo anasema uende kazini kwako kwa furaha. Jioni ni hivyo hivyo, halafu anasema ulale upesi, kwa furaha. Wanafunzi wangu walikuwa wakifika hapo kwenye "ulale upesi" wanacheka, wakidhani nimeongeza mwenyewe. Nao ndio mwongozo wa sala wa mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita mvivu wa dini.

Mwaka 1535 kinyozi wake huko Wittenberg, jina lake Petro, alimwomba amfundishe kusali. Luther akamwandikia kijitabu kizima. Anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe kuna nyakati hupoa, hamu ya sala inamtoka kwa sababu ya shughuli na mawazo. Unaona? Si wewe wa kwanza kuimba mdomo tu. Akipoa hivyo, asema, huchukua Zaburi yake, huingia chumbani, na huanza kutamka Amri Kumi, Imani, maneno ya Kristo, neno kwa neno, kama wafanyavyo watoto, mpaka moyo upate joto. Na anamkumbusha Petro kazi yake: kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe na nywele, maana akipiga soga huku ananyoa, atamkata mtu pua au koo. Sala nayo inataka moyo uliotulia namna hiyo hiyo.

Basi kwako wembe ni kisu cha kumenyea ndizi. Saa kumi na nusu ukishawasha jiko, kabla mkaa haujashika, una dakika tano ambazo hakuna mteja wala mtoto. Nazijua, nami nimepika kwa mkaa. Sema Baba Yetu polepole hapo, usimame kwenye kila ombi kama unavyosubiri mchuzi uchemke. "Utupe leo mkate wetu": hapo wataje makondakta wako, na hao wawili waliohama. "Utusamehe makosa yetu": hapo utakwama, na ni vizuri ukwame. Hiyo itoshe mpaka Mwaka Mpya. Kama usiku utajikuta uko macho mwenyewe, sali, usipojikuta, umelala.

Kufunga Jumatano na Ijumaa ukiwa umesimama juu ya moto kuanzia alfajiri hadi saa nane, sikushauri uongeze, nakushauri upunguze. Isaya 58 itakuambia kufunga alikokuchagua Bwana ni kupi, nami sina la kuongeza pale.

Laki tatu: mwambie mume wako wiki hii, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Kitabu cha Mhubiri kinasema ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe, kwa hiyo usijifanye hukusema. Nenda kwa mchungaji na hesabu za kibanda mkononi, mpange kidogo kidogo. Mchungaji mwenye akili atakubali elfu kumi kwa mwezi kutoka kwa mama lishe kuliko deni linalomkimbiza asije ibadani. Na ule msemo wa mume wako, kwamba Mungu mchana hasikii, usiuchukulie kama kejeli tupu. Mwanamume ambaye mke wake ameamka saa tisa kila siku kwa wiki nne, halafu mchana hana nguvu za kumjibu vizuri, amekuuliza swali la haki. Mwombe radhi, tena mbele ya watoto, maana ulimjibu mbele yao.

Umeuliza kama umemwacha Mungu kwa kuwa husikii kitu. Jirani yangu hapa Arusha ni mtawa wa Kikatoliki, tunabishana naye kuhusu Bikira Maria na tunakopeshana sukari. Yeye ndiye aliyenifundisha neno ukavu, yaani kusali bila kuhisi chochote. Wao wana mafungo ya siku 30 kwa mtindo wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye kitabu chake kilikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na kanuni mojawapo ni kwamba ukiwa kwenye ukavu usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani. Sisi Walutheri hatumsomi huyo mzee, lakini hapo nakubaliana naye. Wewe uko Moshi, unaujua mlima wako kuliko mimi. Unaweza kujifunika wingu wiki nzima usiuone hata ncha, na maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, huko juu yakawa yanashuka kama kawaida kwenye migomba ya watu.

Lakini kanuni hiyo ina pande mbili. Zamu ya saa tisa uliahidi ukiwa kwenye moto, si kwenye amani. Kwenye amani, pale kwenye jiwe, uliambiwa jambo moja, ukajibu, "Lolote lile ila hilo." Kisha ukampa Mungu mengine yote. Ukampa usingizi wako, chakula chako siku mbili kwa wiki, na hela usizokuwa nazo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona mtu anayelipa bei kubwa dukani ili asiulizwe deni la zamani.

Umeniandikia kwamba hilo silo swali lako. Ndilo.

Nakupa pole kwa lililokupata pale matangani. Kuitwa mwizi mbele ya waombolezaji, wewe uliyeketi na daftari wakati wengine wanakula, ni tusi zito, na wifi yako atalijibu yeye mbele za Mungu. Mathayo 5 haikuulizi hilo. Inasema, ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende upatane kwanza. Ana neno juu yako. Naye analo. Mwanamke aliyeachwa, amerudi kwa mama yake, amemzika baba yake juzi, akaambiwa na mke wa kaka yake, mbele ya ukoo, kwamba kama angekuwa na mume. Wewe mwenyewe, ulipokuwa unaiandika sentensi hiyo, uliupunguza ukali wake. Naijua mikono ya watu wanaoandika barua.

Mama yangu alikuwa wa wale walokole wa zamani, watu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na kwetu. Siku hizi mtu akisikia uamsho anafikiria spika kubwa. Wale walijulikana kwa jambo lingine: walirudisha vitu. Mtu alikuja mlangoni na jembe aliloazima miaka minne akasema, nililificha makusudi. Mama aliwahi kutembea kutwa nzima kwenda kumwambia mwanamke mmoja, "Nilikusengenya kwenye harusi ya fulani." Yule mwanamke hakuwa hata na habari! Baba alimgombeza, akasema amekwenda kuchimba kaburi lisilojulikana. Mpaka leo sina uhakika nani alikuwa sahihi. Lakini la kwako linajulikana na ukoo mzima, kwa hiyo hapo huna pa kujificha.

Tena Mungu alikuweka ukae penye masale. Mimi ni wa Arusha, nimeolewa Machame, kwa hiyo jani hilo nimefundishwa ukubwani, lakini nimeliona likifanya kazi. Shemeji zangu wawili waligombea mpaka wa kihamba hadi wakapitana njiani bila salamu. Asubuhi moja mdogo akaja uani ameshika sale mkononi, amenyamaza. Mkubwa alikuwa anachambua maharage. Aliliangalia lile jani kwa muda, nikaona taya lake linacheza. Hakusema amesamehe. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili, akakiweka kando ya kile chake. Wachungaji wa zamani wengine walilitazama jani hilo kwa mashaka, wakiona ni mila. Mimi naona wazee wenu walijua kitu kuhusu msamaha kabla hawajaletewa Mathayo: kwamba anayekuja nalo anaungama la kwake, haji kudai la mwenzake.

Kwa hiyo usisubiri Krismasi. Krismasi nyumba itakuwa imejaa, watoto, mbuzi, mbege, na kila mtu atakuwa anawatazama ninyi wawili kama sinema. Chagua siku ya kawaida wiki hii, baada ya kufunga kibanda, upande Hiace ya Mwika. Mweleze mama mkwe kabla, yeye peke yake. Kina mama hao wanajua kumtuma mtu dukani dakika inayofaa. Usiende na zawadi kubwa, atadhani unanunua. Mtori kwenye hotpoti unatosha, umepika mwenyewe. Mwambie wifi, "Nilikutukana kuhusu ndoa yako siku ya msiba wa baba. Nimekuja kuomba radhi." Halafu unyamaze. Kunyamaza ulifundishwa Jumamosi ile; hapa ndipo pa kukutumia. Usitaje laki na ishirini. Akiitaja yeye mwenyewe, sikiliza. Asipoitaja, rudi nayo Moshi, na uniandikie tena tutafute namna ya kuibeba, kwa sababu najua itakuuma, na sitakudanganya kwamba haitauma.

Anaweza kukataa. Anaweza kuuacha mtori upoe juu ya meza. Hilo likitokea hujashindwa. Umefanya ulichoambiwa kwenye jiwe, na mengine ni yake.

Mafungo ya Arusha mwezi wa kwanza, nenda ukiwa na nauli na mtu wa kukaa kibandani, upumzike. Ukienda kuwinda moto, utarudi na nadhiri nyingine, na safari hii labda utataja milioni. Petro naye, Yesu alipong'aa mlimani mbele yao, alitaka kujenga vibanda vitatu wakae huko huko. Walishushwa kesho yake, na chini walikuta baba mmoja ana mtoto mgonjwa na wanafunzi wengine tisa wameshindwa kumponya.

Ukitoka Mwika, nipigie au uniandikie. Na lolote litakalotokea huko uani, mwanangu, usiliandike kwenye kundi.

Bibi yako,
Arusha